Kuchagua samaki wa kuchoma: mnofu, mafuta, unene na ngozi

Samaki akimeguka na kudondokea kwenye makaa, lawama huenda kwa moto, kwa wavu au kwa mpishi. Mara nyingi kosa lilifanyika mapema zaidi, wakati wa kununua. Alichukuliwa samaki ambaye mnofu wake hauhimili wavu, au kipande chembamba kinachokauka kabla hakijapata rangi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuchagua, na moto wenyewe unakuja mwishoni.

Hatua ya 1: Hesabu walaji na uangalie jiko ulilonalo

Samaki mzima, ukitoa kichwa, mifupa, utumbo na mapezi, hubakiza takriban nusu ya uzito wake kama nyama, na wenye vichwa vikubwa hubakiza pungufu ya hapo. Kwa mtu mzima mmoja kadiria gramu 350 hadi 450 za samaki mzima, au gramu 180 hadi 200 za mnofu au steki. Kamba wenye maganda na vichwa, gramu 300 kwa mtu.

Halafu fikiria jiko. Jiko dogo lisilo na nafasi ya kusogeza makaa upande mmoja halimfai samaki mzima wa kilo mbili: ngozi itaungua huku nyama iliyo karibu na uti wa mgongo ikiwa bado mbichi. Kwa jiko la namna hiyo chagua samaki wa gramu 400 hadi 700, au steki.

Hatua ya 2: Pima ugumu wa mnofu

Nyama ya mnyama wa nchi kavu ina nyuzi ndefu zilizoshikwa na kano imara. Ya samaki imepangwa kwa tabaka fupi fupi, na kati ya tabaka moja na jingine kuna utando mwembamba. Utando huo huyeyuka kwa joto dogo, na ndiyo sababu samaki aliyeiva hufunguka vipande vipande ukimgusa kwa uma. Mezani sifa hiyo inapendeza. Juu ya wavu ni hatari, na samaki hawako sawa katika hilo.

Wanaohimili moto vizuri zaidi ni wale waogeleaji wenye nguvu: jodari, nguru, songoro, nduaro, fulusi na mzia. Misuli yao imeshikana. Hawa unaweza kuwakata steki, ukawaweka moja kwa moja juu ya wavu, hata ukawachoma mishikaki.

Kundi la kati ni changu, chewa, kolekole, sangara na salmoni. Wanachomeka vizuri sana, lakini wanahitaji ngozi iwashike. Changu mzima mwenye ngozi yake atageuka salama; mnofu wa changu huyo huyo uliochunwa ngozi utabaki nusu kwenye wavu. Kwa hiyo ukinunua minofu ya kundi hili, mwambie muuzaji aparue magamba tu na aiache ngozi.

Wenye mnofu laini, kama wayo na minofu myembamba ya sato, wasiwekwe wazi juu ya wavu. Wafunge kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, au kwenye karatasi ya alumini, au uwabane ndani ya wavu wa kukunja wenye mpini. Sato mzima ni habari nyingine: akiwa na ngozi na mifupa yake anachomeka bila shida.

Jina la samaki peke yake halitoshi, kwani hata nguru anaweza kuwa ameharibika. Inua kipande cha mnofu kwa kushika ncha moja. Kikining'inia kikiwa kimeshikana, ni kizuri. Tabaka zikiachana na kuonyesha mianya, samaki huyo amekaa sana au alishikwashikwa vibaya, na motoni atamomonyoka hata uwe fundi wa namna gani. Mpeleke kwenye mchuzi.

Hatua ya 3: Angalia mafuta

Mafuta ndiyo yanayompa mpishi nafasi ya kukosea. Vibua, sardini na salmoni wana mafuta ndani ya nyama yenyewe, hivyo wakizidi dakika moja au mbili bado wanalika. Changu, chewa na fulusi wana mafuta kidogo. Dakika hizo hizo mbili zinatosha kuwafanya wakavu kama pamba. Kama ndiyo kwanza unajifunza kuchoma, anza na vibua. Ni wanene kiasi, ngozi yao hukauka vizuri, na kosa dogo halionekani.

Mafuta nayo yana gharama yake. Yakidondoka kwenye makaa huwasha ndimi za moto na moshi mweusi unaoacha uchungu kwenye ngozi. Kwa samaki wa mafuta acha sehemu ya jiko isiyo na makaa chini yake, uweze kumsogeza moto ukiruka. Tena mafuta ya samaki huchacha haraka, kwa hiyo kibua wa jana si sawa na changu wa jana. Samaki wa mafuta mnunue siku ile ile ya kuchoma.

Jodari huwachanganya wengi. Nyama yake ni nyekundu na nzito, na watu humchukulia kama wa mafuta, kumbe sehemu ya mgongoni ina mafuta machache na hukauka upesi. Sehemu ya tumboni ndiyo yenye mafuta, na kwa mkaa ndiyo bora. Ukanda wa nyama nyeusi uliopita katikati una ladha kali. Ukate kabla ya kuchoma kama walaji hawaupendi.

Hatua ya 4: Amua umbo na unene

Steki iwe na unene wa sentimita 2.5 hadi 3. Ya sentimita 1 inaiva hadi katikati kabla uso wake haujapata rangi, na ukisubiri rangi unapata kitu kikavu. Ya sentimita 5 inaungua nje. Wauzaji wengi hukata nyembamba wasipoambiwa, kwa hiyo taja unene kabla kisu hakijashuka, na omba vipande vyote vilingane ili viive pamoja.

Kwa minofu, chukua sehemu ya kati au ya karibu na kichwa. Upande wa mkia ni mwembamba; ukilazimika kuutumia, kunja ncha yake chini ili unene ukaribie kulingana.

Samaki mzima wa gramu 500 hadi kilo 1 ndiye rahisi kuliko wote. Mifupa yake hushikilia nyama, na ngozi huzuia maji yasipotee. Anayezidi kilo moja na nusu ni afadhali umpasue mgongoni, umfungue kama kitabu na kumchoma akiwa bapa.

Fikiria pia mifupa. Mwatiko ana ladha nzuri sana motoni, ila amejaa vijifupa vyembamba ndani ya nyama. Kama wapo watoto mezani, chagua nguru au jodari, ambao mifupa yao ni mikubwa na hutoka kwa urahisi.

Hatua ya 5: Kagua ubichi, na usione haya

Samaki wa kuchoma hana mchuzi wala viungo vizito vya kumsitiri. Mkague kwa mpangilio huu.

Harufu kwanza. Samaki mbichi ananukia maji ya bahari au mwani. Wa maji baridi ananukia kama tango. Shombo kali ni dalili kwamba ameanza kuharibika, na harufu ya amonia ni ishara ya kuondoka bila kuuliza bei.

Kisha inua kifuniko cha shavu uone matamvua. Yawe mekundu na yenye unyevu safi. Yakiwa ya kahawia, ya kijivu au yamegandwa na ute mzito, muda umepita. Matamvua ni shahidi mzuri kuliko macho, kwa kuwa macho ya baadhi ya samaki huingia ukungu kwa kugusana na barafu tu. Hata hivyo macho yaliyozama ndani hayana udhuru.

Bonyeza mnofu kwa kidole. Ukirudi juu mara moja, sawa. Shimo likibaki, acha. Gusa tumbo: likiwa laini kupita kiasi au limepasuka, vimeng'enyo vya utumbo vimeshaanza kula nyama kutoka ndani. Vibua na sardini huanzia hapo.

Jodari aliyekatwa ana mtego wake. Nyama yake huwa nyekundu iliyokolea inapokuwa mbichi na hugeuka kahawia kadiri inavyokaa. Lakini iliyopitishwa kwenye gesi ya kaboni monoksidi hubaki na rangi ya waridi kali kama tikiti maji hata ikiwa imeharibika. Ukiona rangi hiyo isiyo ya kawaida, pima kwa pua na kidole, usiamini macho.

Hapa kuna jambo la afya ambalo halina mjadala. Jodari, vibua, nguru, sardini na fulusi wakikaa kwenye joto, bakteria hubadilisha kemikali iliyo katika nyama yao kuwa histamini. Histamini haiondolewi na moto wala kwa kugandisha, na samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili: uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, vipele, na mara nyingine ladha ya pilipili mdomoni ilhali hakuna pilipili. Kinga ni ubaridi usiokatika. Samaki wa jamii hii akiwa amelala juani bila barafu, hata kama anaonekana mzuri, usimchukue.

Wa kwenye friza naye asidharauliwe. Aliyegandishwa mapema anaweza kuwa bora kuliko "mbichi" wa siku nne. Kagua pakiti. Mabaka meupe makavu ni nyama iliyokaushwa na baridi, na itakuwa kama kamba za katani. Barafu nyingi iliyoganda ndani ya mfuko, hasa yenye rangi ya damu, inaonyesha kwamba iliyeyuka ikagandishwa upya. Yeyusha ndani ya friji kwa saa 8 hadi 12, na kama pakiti imefyonzwa hewa, ifungue kwanza: pasipo hewa bakteria wa sumu ya botulini wanaweza kukua.

Hatua ya 6: Kamba, kaa, ngisi, pweza na wenye kombe

Kamba wa kuchoma wawe wakubwa, 20 hadi 30 kwa kilo. Wadogo hukauka kabla hawajapata rangi na huponyoka kati ya vyuma. Wachukue na maganda, kwani ganda huzuia nyama isikauke. Pasua mgongo kwa mkasi, toa mshipa mweusi, acha ganda lilivyo. Madoa meusi kichwani hutokana na kimeng'enyo cha kamba mwenyewe na hayamaanishi kuwa ameoza, ila yanasema hajavuliwa leo. Kinachokataza ni harufu ya amonia, kichwa kinachochomoka kwa kuguswa, au nyama inayoteleza. Motoni, dakika 2 hadi 3 kila upande. Akijipinda kama herufi C ameiva. Akijikunja hadi mkia ugusane na kichwa amepitiliza na atakuwa mgumu.

Kamba-kochi na kaa wanunuliwe wakiwa hai. Wakifa, vimeng'enyo vyao huilegeza nyama kwa kasi, na unga huo laini hakuna moto utakaourekebisha. Ukimwinua kamba-kochi mkia wake ujikunje kwa nguvu. Mlaze kwenye friza dakika 20 hadi 30 apoteze fahamu, kisha mpasue katikati kwa urefu. Aanze na upande wa ganda dakika 5 au 6, halafu upande wa nyama dakika 2. Kaa mpime kwa mkono: kati ya wawili wa ukubwa mmoja, mchukue mzito. Mwepesi ametoka kujivua gamba, na ndani amejaa maji. Kaa namchukulia kuwa wa kuchemsha kwanza. Mchemshe dakika 8 hadi 10, mgawe vipande viwili, kisha dakika 3 juu ya makaa kwa ajili ya moshi.

Ngisi hana hali ya katikati. Ama dakika 1 hadi 2 kila upande kwenye moto mkali sana, ama apikwe taratibu kwa muda mrefu hadi alainike. Hapo katikati anakuwa mpira. Kwa mkaa chagua wadogo, mwili wa sentimita 15 au pungufu, wenye ngozi inayong'aa. Wakaushe kwa kitambaa hadi wasiwe na unyevu hata kidogo, la sivyo watachemka kwa maji yao wenyewe.

Pweza hawekwi motoni akiwa mbichi. Wa kilo 1 hadi 1.5 mchemshe kwa moto mdogo dakika 45 hadi 60, mpaka kisu kiingie kwenye shina la mkono bila kusukumwa. Mwache apoe, mkaushe, mpake mafuta, kisha dakika 3 hadi 4 kila upande. Pweza aliyegandishwa ana faida hapa: chembe za barafu hukata nyuzi zake, hivyo hulainika mapema.

Kome na chaza wawe hai pia. Kombe liwe limefumba, au lifumbe ukiligonga. Tupa lililovunjika na lililo wazi lisilojibu. Waweke moja kwa moja juu ya wavu, chaza upande wa bakuli ukiwa chini ili maji yasimwagike. Watafunguka kwa dakika 5 hadi 8. Asiyefunguka mtupe. Viumbe hawa huchuja maji wanamoishi, na sumu za baadhi ya mwani mdogo wa majini haziharibiwi na joto, kwa hiyo swali la maji waliyotolewa ni la lazima. Muuzaji asipoweza kulijibu, nunua kamba.

Hatua ya 7: Wale wa kuwaacha

Chewa, mzia na mkunga wakubwa wa miambani wanaweza kubeba sumu ya sigwatera, inayotokana na mwani mdogo na kujikusanya kadiri samaki mkubwa anavyokula wadogo. Haina harufu wala ladha na haifi kwa moto. Chagua wadogo wa jamii hizo. Papa na nduaro hukusanya zebaki. Mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo wawaepuke. Papa na taa wana urea nyingi mwilini inayogeuka kuwa amonia, hivyo asipotolewa damu mara tu alipovuliwa hafai kuchomwa.

Sato na kambare wa mabwawa hutoa ladha ya tope mara nyingine. Ladha hiyo hukaa zaidi kwenye mafuta na chini ya ngozi, na ndimu huipunguza. Kambare ana ute mwingi: msugue kwa chumvi, mwoshe, rudia mpaka asiteleze, ndipo aende jikoni.

Hatua ya 8: Mfikishe nyumbani akiwa baridi

Kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, ndani ya chombo chenye tundu la kutolea maji. Samaki aliyelala kwenye maji yaliyoyeyuka hulainika na kupoteza ladha. Mtumbue mara moja, osha tumbo, futa damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo kwa kijiko, kisha mkaushe na kumweka sehemu yenye baridi kuliko zote kwenye friji. Asizidi siku mbili.

Hatua ya 9: Chumvi, ndimu, moto

Samaki wa mafuta machache, mwenye unene wa sentimita 2.5, mlaze dakika 10 hadi 15 kwenye maji yenye gramu 50 za chumvi kwa lita. Nyama itashika maji yake vizuri zaidi motoni, na yale matone meupe ya protini yanayotoka juu ya samaki akiiva yatapungua. Wa mafuta atoshelezwe na chumvi kavu. Ndimu isizidi dakika 20. Ikikaa zaidi inapika uso wa nyama, na uso huo utachubuka kama unga ukigusa chuma. Viungo vyenye sukari au asali vipakwe dakika mbili za mwisho.

Samaki mzima mchanje mara tatu kila upande, sehemu nene tu, kwa nafasi ya sentimita 3. Ukichanja hadi mkiani utampoteza.

Samaki kugandia wavu kuna sababu tatu: wavu mchafu, wavu baridi, au samaki mwenye maji. Sugua chuma, kipashe joto dakika 10, kisha mkaushe samaki kwa kitambaa na umpake mafuta yeye mwenyewe. Subiri makaa yafunikwe na jivu. Weka kiganja sentimita 15 juu ya wavu: ukivumilia sekunde 2 au 3, moto ni mkali, unafaa steki, ngisi na kamba. Sekunde 5 au 6, ni wa wastani, unamfaa samaki mzima.

Kadiria dakika 10 kwa jumla kwa kila sentimita 2.5 za unene, pande zote mbili pamoja. Upande wa kwanza uchukue kama theluthi mbili ya muda huo. Mgeuze mara moja tu. Akikataa kuachia chuma, usimvute: ngozi haijakauka, mpe nusu dakika nyingine ujaribu tena kwa mwiko mpana, ukimwinua kutoka upande wa mgongo. Kipimajoto kikisoma nyuzi 63 katikati ya sehemu nene, ameiva. Usipokuwa nacho, chomeka ncha ya kisu karibu na uti wa mgongo: nyama iwe nyeupe isiyopitisha mwanga na iachane na mfupa bila kulazimishwa. Mtoe hapo hapo, kwa sababu ataendelea kuiva kwenye sahani kwa dakika mbili tatu.